Kiti Chepesi cha Keko

Nasra mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa shule, nami nimebaki hapa na sanduku lako lililosimama mlangoni. Nimeshalifunga. Sitakuandikia habari za koti, wala chakula, wala namba za simu za watu wa kwetu walioko Milano. Hayo tumeyasema mpaka umeyachoka. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wako wa mkononi, na nitakuomba usiifungue mpaka ndege iwe angani. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Juzi tulipokuwa tunakula uliniuliza, "Mama, Baba alikufa kwa ajili ya nini hasa?" Nikakujibu, "Kwa ajili ya kiti," nikainuka kwenda kuosha vyombo. Wewe ukaacha sahani yako na wali ukiwa haujafika nusu. Lile halikuwa jibu la kumpa mtoto anayekwenda Italia kusomea kuchora viti na vyombo. Tena nililitoa kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Leo nitajaribu kulijibu swali lako kama lilivyoulizwa.

Kiti umekijua tangu unatambaa, lakini sijui kama kuna aliyewahi kukueleza kilikotoka. Babu yako mzaa baba alikuwa mpishi wa injinia mmoja Mtaliano, katika wale waliokuja Dar es Salaam miaka ya sitini kulaza bomba la mafuta la kwenda Zambia. Kazi ilipokwisha injinia aliuza gari, akafungasha nguo, na vilivyobaki akamwambia mpishi wake achukue. Babu yako akavisukuma kwa mkokoteni mpaka Keko: kiti kimoja, birika la kahawa la alumini lenye pande nane, na mashine ndogo ya kupigia chapa iliyokuwa ikiingia ndani ya mkoba wake kama kobe. Mashine iliuzwa katika ile miaka ya kupanga foleni za sukari. Birika lilitumika mpaka kishikio kikayeyuka. Kiti kikabaki.

Nilipoolewa nilikikuta sebuleni. Mimi nimetoka Temeke, kwenye nyumba ambayo kochi lilikuwa kochi kweli, mninga mzito, mito minene, na vitambaa alivyofuma mama yangu vimetandazwa kila penye nafasi. Kile kilikuwa kitu cheusi chembamba, kina miguu kama ya korongo, na pa kukalia pamesukwa henzirani. Nilidhani ni kiti cha mtoto. Siku ndugu zangu walipokuja kunitembelea, shangazi Mwajuma, ambaye umbo lake unalikumbuka, alikwenda moja kwa moja akakikalia. Nikafumba macho. Hakikutoa hata mlio. Alikaa pale mpaka wageni walipoaga, na alipoinuka, baba yako akakinyanyua kwa kidole cha mwisho akakirudisha mahali pake.

Wageni walipoondoka alikigeuza juu chini mapajani mwake ili anionyeshe.

"Unauona mguu huu? Haukuviringwa. Una pembe tatu. Aliyekichora ameondoa mbao yote isiyobeba kitu."

"Kwani Ulaya mbao zimekwisha?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mama anakitoa nje uani, anakisogeza kivulini, jua likihama anakihamisha tena. Kingekuwa kizito angekaa juani."

Hivyo ndivyo alivyokipenda. Hakuwahi kukiita kizuri, wala hakujivunia kwamba ni cha Ulaya. Alisema tu kwamba mtu aliyekaa mbali sana alikuwa amemfikiria mama yake, bila kumjua, wakati anachora mguu wa kiti. Alikuwa fundi mzuri wa Keko, alitengeneza vitanda na makabati ambayo watu walimletea kwenye picha zilizokatwa magazetini, na katika kona ya karakana hakukukosekana kiti chembamba cha kujaribia ambacho hakuna mteja aliyekitaka. Kimoja kilivunjika, kingine kilipinda, kingine alikitia jikoni tukawa tunawekea ndoo. Alivunja, akaanza tena. Mimi niliona ni mchezo wa mtu mzima.

Sasa hapa ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na sijui kama ni kosa au ni maisha tu. Nilianza biashara. Nilikuja huku China, Guangzhou, na wanawake wenzangu wa Kariakoo, tukalala watu wengi chumba kimoja, tukazunguka maduka ya jumla ya Yide kununua vitu vya watoto na vyombo vya plastiki vya kujazia pembe za kontena. Safari iliyofuata niligundua makochi. Unayakumbuka yale makochi. Ngozi ya bandia yenye kung'aa, mikono iliyovimba kama andazi, miguu iliyopakwa rangi ya dhahabu. Dar yaligombaniwa bandarini. Kila aliyejenga nyumba alitaka seti, na aliyekuwa na seti alitaka kubwa zaidi. Mimi nikawa Mama Makochi.

Na mtu akishanunua kochi la kontena, haendi tena Keko kumtafuta fundi. Sikulifikiria hilo mpaka niliporudi nyumbani nikakuta karakana ya baba yako ina kufuli. Mafundi aliokuwa nao walikuwa wametawanyika, mmoja amekuwa mlinzi, mwingine anauza maji ya baridi barabarani. Baba yako hakunilaumu. Aliniambia, "Umeleta wanachokitaka." Basi. Lau angenigombeza ningejitetea, na katika kujitetea labda ningeelewa mapema. Kunyamaza kwake kuliniacha nikiamini kwamba hakuumia.

Ndipo tukahamia huku sote watatu. Wewe ulikuwa unamaliza darasa la tano, ulilia kwa ajili ya paka. Yeye alibeba kiti kimefungwa katika blanketi, akabishana na watu wa uwanja wa ndege mpaka wakakubali.

Nilimchukua kwenda kwenye mji ule wa samani ulio nje ya Guangzhou, kule ambako barabara nzima ni maduka ya viti na meza. Nilitaka anisaidie kukagua makochi. Katika ukumbi mmoja akasimama ghafla. Juu ya jukwaa dogo, chini ya taa yake peke yake, kilikuwepo kiti chake. Cheusi, chembamba, henzirani. Msichana wa dukani akaja mbio. "Yidali," akasema, yaani Italia, na akatuinulia dole gumba.

Baba yako alikikalia taratibu. Mgongo ukalia. Akashuka, akakipindua palepale sakafuni, nami nikaona aibu kwa sababu watu walikuwa wanatutazama. Mguu ulikuwa wa duara. Viungo vilikuwa vimepigwa pini na kujazwa gundi, na henzirani ilikuwa ya plastiki.

"Umeona?" nikamwambia. "Hakifai. Twende."

"Lakini wanakijua," alisema. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtu aliyesikia jina la kwao likitajwa ugenini. "Mama Nasra, hapa kuna mtu anakijua."

Mtu aliyemtafuta hakuwa kule. Alimpata jirani na sisi, Kangle, ndani kabisa kwenye vichochoro vya mafundi cherehani, mahali ambapo mchana unahitaji taa. Lao Liang, ambaye umekua ukimwita mjomba, alikuwa anatengeneza meza za kukatia nguo kwa ajili ya karakana za kushona. Alikuwa ametoka Hunan, mfupi, mkimya, anavuta sigara bila kuishika. Baba yako alikwenda na kiti chake mgongoni, akakiweka katikati ya vumbi la mbao. Hawakuwa na lugha. Lao Liang alikizunguka, akapiga magoti, akatia ukucha kwenye kiungo cha mguu. Kisha akasogeza vitu vyake vyote upande mmoja wa karakana, akamwonyesha baba yako upande uliobaki wazi.

Tangu siku ile akamwita Yidali. Mtaa mzima ukafuata. Wewe ulikuwa unachukia, ulisema Baba si Mtaliano. Yeye alipenda.

Kiti chao cha kwanza kilipasuka Lao Liang akiwa amekikalia na bakuli la tambi mkononi. Baba yako alirudi nyumbani akicheka mpaka akashindwa kunieleza. Walitafuta mbao nyingine, nyeupe, yenye nyuzi ndefu. Walijifunza kuipinda kwa mvuke wa sufuria. Walichonga ulimi wa kiungo ukaingia kwenye tundu lake bila gundi na ukakataa kutoka. Ilichukua zaidi ya mwaka. Nilikuwa napita pale nikitoka kwenye maduka ya vitambaa, nawakuta wawili wale wamechuchumaa mbele ya kiti wamenyamaza kama watu wanaosikiliza redio ya chini sana. Nilijua kwamba mume wangu ana furaha, na furaha ile iliniudhi. Mimi nilikuwa napigania kontena na mawakala, yeye anaguguna mguu wa kiti.

Nilipeleka vichache Dar nivijaribu. Mteja mmoja Sinza alikitazama akaniuliza, "Dada, hiki ni cha mgonjwa?" Nikamwambia baba yako maneno yale kama yalivyo. Sikuhitaji kumwambia.

Kisha likaja lile tuliloliita bahati. Mwenye hoteli mmoja huko pwani ya mashariki ya Unguja, Mtaliano, alikiona kimojawapo kwa rafiki yake Dar. Alitaka vya ukumbi wake wote wa chakula. Cha kwao halisi, alisema, hakiwezi, bei yake ni ya kuweka kwenye makumbusho. Baba yako aliposikia kwamba Mtaliano anataka kiti cha Kitaliano kilichotengenezwa na mtu wa Keko na mtu wa Hunan, alikaa kitako kitandani, akaweka mikono juu ya magoti, akasema, "Baba angekuwepo." Mimi nikafurahi pia, usidhani sikufurahi. Nilikuwa nimepata oda.

Vanishi ndiyo iliyomuua, Nasra. Ile nyeusi ya kupulizia, inayochanganywa na dawa yake ili ikauke haraka na kung'aa. Chumba kikiwa wazi, vumbi la mtaa na nyuzi za vitambaa vinarushwa na upepo na kunasa juu ya rangi. Majirani nao walilalamikia harufu. Kwa hiyo walifunga dirisha wakaziba nyufa za mlango kwa matambara, wakawa wanapulizia ndani wamejifunga vitambaa puani. Lao Liang hakupatwa na kitu. Baba yako akaanza kukohoa. Kwanza jioni, kisha na asubuhi. Nilimpa tangawizi na asali. Nilimwambia ni hali ya hewa ya huku, unyevu. Wewe ulimchorea kadi, ulimchora ana skafu.

Halafu akazidiwa mara ya kwanza, ukiwa kambini na wanafunzi wenzako. Hili hukuambiwa. Hospitali walimwekea hewa akatulia. Daktari alimuuliza kazi yake, na mwanafunzi wa kwetu aliyekuwa akitutafsiria akatuambia: mwili wake umeikataa ile dawa ya kwenye vanishi. Sasa hata kidogo tu kinatosha. Asiingie tena kwenye chumba cha rangi, hata mara moja.

Kwa hiyo kama ulikuwa unajiuliza, alijua. Nami nilijua.

Alitii. Walimchukua fundi rangi mmoja, yeye akawa anachonga na kupinda tu, na kifua kikatulia. Lakini ilikuwa karibu na mwaka mpya wa Wachina, na unaujua mji huu wakati ule. Fundi rangi alifungasha akaenda kujibanza na maelfu ya wenzake pale Liuhua, nje ya stesheni, kungoja treni ya kwao. Meli ilikuwa na tarehe yake. Viti vya mwisho vilikuwa vyeupe, havijapakwa kitu. Lao Liang alisema atapaka yeye, lakini mkono wake ni mzito, vanishi ilitiririka kama machozi, wakalazimika kuisugua yote kwa msasa.

Asubuhi ile wewe ulikuwa umeshakwenda shule. Mimi nilikuwa kwenye simu na wakala wa meli, nabishana kuhusu nafasi ya kontena. Baba yako alisimama mlangoni amevaa viatu vyake vya kazi.

"Naenda kumsaidia Liang kumalizia," alisema.

Nilielewa maana yake. Sikukata simu. Nilimwinulia mkono hivi, kama unavyomwambia mtu angoje, au nenda, au nimesikia. Mpaka leo sijui niliuinua kwa maana ipi. Akatikisa kichwa akaenda.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Lao Liang, kidogo kidogo, kila mwaka ananiongezea kipande. Alimkataza kuingia. Baba yako akamwambia kwa Kichina chake cha kuokoteza, "Kimoja tu, uone mkono unavyokwenda." Akapulizia kimoja, na kwa kuwa kilikuwa kinakwenda vizuri akashika kingine. Alipotoka alikuwa anashika kifua na hawezi kusema. Dawa ya kuvuta aliyopewa hospitali ilikuwa kwenye koti jingine, nyumbani.

Gari la wagonjwa liliishia barabara kubwa. Kangle hamna gari linaloingia, majumba yamesogeleana hata majirani wanaweza kupeana chumvi dirishani. Lao Liang alimbeba mgongoni. Ile njia ilikuwa imejaa majora ya vitambaa, mikokoteni, watu wanafunga mizigo ya sikukuu. Mabinti wa cherehani walitoka wakawa wanayasukuma majora pembeni, wanayarusha hata yakafunguka matopeni, wakamfungulia njia. Alikuwa anamsemesha njia nzima, Yidali, Yidali, karibu tunafika. Walipotokea kwenye lango la mtaa wale wa gari la wagonjwa walimpokea, wakamtazama, na hawakuharakisha tena.

Ulipotoka shule nilikuambia Baba amezidiwa na pumu. Ni kweli, lakini ni kweli ya kumpa mtoto. Sasa umeondoka utotoni.

Tulimzika huku, kwa sababu kumsafirisha hatukuweza. Lao Liang alisimama nyuma kabisa ya safu ya watu, amevua kofia, hajui aweke wapi mikono.

Unayoyajua sitayarefusha. Arobaini ilipopita nilikitoa kiti cha babu yako nikakiweka nje pamoja na maboksi, na mzee anayekusanya takataka akakipakia kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu. Ulirudi shule ukaona ile nafasi tupu, ukatoka mbio, ukazunguka vichochoro vyote mpaka giza, hukukipata. Hukunisemesha kwa wiki nyingi. Nilisema moyoni, atanishukuru. Nilidhani nikikiondoa nimemwondoa muuaji ndani ya nyumba.

Nimeishi na wazo hilo miaka. Nilikuona unaanza kuchora, kwanza vikombe, kisha taa, kisha viti, pembezoni mwa madaftari yako ya hesabu. Kila mara nilikutuma dukani. Ulipoleta barua ya chuo cha Milano nilikaa nayo siku kadhaa kabla ya kukupongeza, na pongezi zenyewe hazikuwa na ladha. Hukukosea ulipohisi hivyo.

Kilichonibadilisha nacho hukukijua. Mwaka juzi nilipokwenda nyumbani kumzika shangazi Mwajuma, nilivuka kwenda Unguja nikapanda gari mpaka ile hoteli. Nilitaka kuviona. Nilijiandaa kuvikuta kwenye ukumbi, watalii wamekaa, mishumaa mezani, na nilijiandaa pia kuchukia. Nikakuta ukumbi una viti vingine, vikubwa, vya mbao iliyochongwa maua, na mito yake. Hoteli ilikuwa imeuzwa. Mwenyewe mpya alisema vile vya zamani havikuwa na sura ya Zanzibar. Nikamuuliza viko wapi. Hakujua. Mhudumu mmoja akaniambia nenda nyuma.

Nyuma ya jiko kulikuwa na uwanja wa saruji na turubai la kivuli. Wanawake wa jikoni walikuwa wamekaa wanamenya viazi na vitunguu na kupara samaki, na walikuwa wamevikalia. Vanishi ilikuwa imeliwa na hewa ya chumvi, mbao zimechungulia nyeupe, henzirani nyingine imekatika wakasuka kamba ya nailoni badala yake. Nilisimama pale na mkoba wangu kama mtu aliyepotea.

Mmoja, mtu mzima kama mimi, akaniambia, "Karibu ukae, mbona umesimama juani?" Akainuka, akanyanyua kiti kwa vidole viwili huku kisu kikiwa bado mkononi, akanisogezea kivulini.

Nikamuuliza kwa nini wanakalia viti hivi.

"Walivitupa," alisema. "Tukavigombania. Sisi kivuli chetu kinahama, dada. Ungepewa vile vya mbele uvihamishe kutwa nzima, jioni huna kiuno. Hivi hata havikusumbui. Havivunjiki, tena unavisahau."

Nikakaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, Nasra. Miaka yote ile, Keko na Guangzhou, sikuwahi kukalia kiti alichokitengeneza baba yako. Nilikuwa navipanga, navifunga, navipakia. Mgongo wa kiti ulinipokea pale nilipochoka. Nilikaa nikawasaidia kumenya viazi mpaka gari la mwisho, na sikuwaambia mimi ni nani. Nililia kidogo, wakadhani ni vitunguu, au walijifanya.

Sijui nikuambie nini kutokana na haya. Sikusamehe kitu chochote siku ile. Ile vanishi ilikuwa kwa ajili ya ukumbi, ili ving'ae chini ya mishumaa. Wale wanawake hawakuihitaji. Kiti chenyewe kilikuwa kimeshakamilika kikiwa cheupe, na mume wangu alikuwa hai kikiwa cheupe. Hilo ndilo linalonikaa kooni kuliko mengine yote.

Huko uendako watakufundisha majina ya waliochora. Yajue, wanastahili, baba yako angetaka kuyajua. Lakini utakapoingia kwenye karakana yao, tazama dirisha kama linafunguka. Uliza nani anapulizia rangi na anakohoa au hakohoi. Ukiwa umechora kitu, na mtu akakuambia kikamilike kabla ya tarehe fulani, mtazame yule atakayekimalizia. Na kama mtu unayempenda atasimama mlangoni kukuambia anakokwenda, kata simu. Sina zaidi ya hayo. Yangekuwa mengi ningekuandikia.

Nilikuwa namcheka kwa kupenda vitu. Nilidhani uzuri ni wa watu walioshiba, na sisi tulikuwa hatujashiba. Kumbe alikuwa anazungumza habari za mama yake kukaa kivulini. Usimwache mtu akucheke kwa hilo, hata mimi.

Sasa lile lililonifanya nikuzuie kuisoma barua hii nyumbani. Viza yangu hawakuiongeza. Tangu walipokaza mambo mwaka jana, kabla ya ile michezo mikubwa ya kimataifa waliyoiandaa, nimekuwa naipata kwa vipande vifupi, na safari hii wamesema basi. Ungejua usingekwenda, nakufahamu. Ungebaki kunihangaikia, na nafasi ya chuo ingepotea. Nyumba nimeshamwambia mwenyewe namrudishia. Ukishaondoka nitafunga vyombo, nirudi Keko kwa bibi yako, ambaye sasa anahitaji mtu wa kumtoa nje uani. Kwa hiyo ukipata likizo usikate tiketi ya Guangzhou. Hapatakuwa na mtu hapa.

Isipokuwa baba yako. Hilo limeninyima raha, kumwacha peke yake katika nchi ambayo hakuna tena hata mmoja wetu atakayeweza kuingia na kumsomea Yasin. Wiki iliyopita nilikwenda kwa Lao Liang kumuaga. Karakana yake nayo imepigwa chapa ya kubomolewa ukutani, atahamia mbali zaidi. Nilimwambia naondoka. Alizima sigara, akafuta kiti kwa kiganja nikae, yeye akabaki amesimama.

"Shemeji," alisema, "mwezi wa nne tuna siku yetu ya kufagia makaburi ya wazee. Nitapitia kwa Yidali kwanza. Ni njiani."

Si njiani, mwanangu. Wazee wake wamelala Hunan, kutwa nzima ya treni, na makaburi yetu yako upande mwingine wa mji, panda basi hili shuka panda lile. Tena sijui kwetu sheria inasemaje mtu asiye wa dini yetu kufagia kaburi la Muislamu, na sitamuuliza shehe.

Nikamwambia ahsante. Nikamwambia ndiyo, ni njiani.

Mama yako